MREJESHO: Ramani ya kupapasa ya kwenda kivuko cha Kamanga

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa kumtengenezea mdogo wangu asiyeona ramani ya kutoka kituo cha daladala mpaka kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza. Asanteni sana.

Aliyesema "punguza vitu" aliniokoa. Ya kwanza nilijaza kila duka, dogo akaipapasa, akacheka: "Kaka, hii ramani au uji wenye mabonge?" Ya pili barabara ni uzi wa katani, kivuko ni shanga moja, Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, ni kokoto. Kati ya alama niliacha angalau milimita 3, vidole visichanganye. Nukta nundu (maandishi ya wasioona) zinakula nafasi, kwa hiyo niliandika herufi mojamoja, majina kamili yakakaa karatasi ya pili.

Msasa niliobandika kuonyesha ziwa ulikuwa mkali, ukamchubua vidole, nikabandika laini. Gundi ya karatasi nayo iliachia, shanga ikapotea siku ya tatu. Ya mbao imeshika.

Sasa anafika mwenyewe, ila pale bodaboda wanapopaki bado namsindikiza. Bodaboda hawakai sehemu moja, utawachoraje?