Kibao cha namba cha kuchomelea kwenye pikipiki: tuachiwe au tukatazwe?

Dereva wa Nyegezi
Mwangaluka ndugu zangu. Kijiwe chetu cha bodaboda cha Nyegezi, hapa Mwanza, kimegawanyika tangu Jumatatu. Uongozi umetamka kwamba pikipiki yoyote yenye kibao cha namba cha kutengeneza, yaani chuma cha kushikia bati la namba, haipangi foleni pale mpaka irudishiwe madigadi ya kiwandani. Mimi ni mmoja wa waliotolewa. Madigadi yangu ya nyuma ilipasuka kwenye tundu za bolti, namba ikawa inapigapiga kama bati la paa lililong'oka. Nikaenda kwa fundi, akakata flati baa, kile chuma bapa, akaipinda, akaifunga kwenye bolti mbili za keria chini ya taa. Sasa namba imesimama wima na haichezi. Naomba mnieleze kosa langu. Tukatazwe wote, au wakatazwe wanaoficha namba?

Fundi Chuma, Mabatini
Mimi kazi hii naifanya kila wiki, kwa hiyo nizungumzie chuma kwanza. Wengi wanafunga kibao pikipiki ikiwa tupu, imesimama kwenye stendi kubwa. Hapo tairi limening'inia, unaona nafasi tele. Pakia abiria wawili waliokula wakashiba, pita barabara ya Mkolani yenye mashimo, shokapu zinabonyea na tairi linapanda. Nililetewa namba iliyosagwa na tairi mpaka herufi mbili za mwisho zikabaki bati tupu linalong'aa. Mwenyewe alisema alikuwa anasikia mlio, akadhani ni cheni.

Dawa yake ni ndogo. Fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, inua tairi kwa mkono mpaka ligote, halafu ndiyo upime. Vidole vinne vibaki kati ya tairi na kibao. Weka raba kati ya bati na chuma, maana pikipiki inatetemeka mchana kutwa na bati linaanza kupasuka palepale penye tundu. Nati iwe ile yenye plastiki ndani, nyingine zinalegea. Na kama lazima uchomelee juu ya pikipiki, toa waya hasi wa betri kwanza.

Kibao kikifungwa hivyo hakina kosa. Wanaotuharibia jina ni wabeba samaki wa soko la Mwaloni. Wanapanga matenga mpaka chini, namba huioni kabisa, na ukiwa nyuma yao pale Kirumba harufu yake unaifikisha nyumbani.

Abiria wa Pasiansi
Mimi si dereva, ila hili linanihusu kuliko mnavyodhani. Mwezi uliopita nilikwapuliwa pochi jioni, wawili kwenye pikipiki moja. Nilikimbia nyuma yao huku nakazana kusoma namba. Niliona MC na tarakimu ya kwanza. Sehemu iliyobaki kibao kilikuwa kimekunjwa kuangalia juu, kama sahani ya kukingia maji. Polisi waliniuliza namba nikakosa la kusema. Kwa hiyo kijiwe kikikataza, mimi naunga mkono. Sina namna ya kujua yupi alichomelea kwa nia njema na yupi alichomelea ili akunje.

Mama Dagaa
Fundi Chuma, shikilia hapohapo. Harufu ya samaki unaifikisha nyumbani? Nyumbani kwako mnakula nini? Ada za watoto wangu watatu zimetoka kwenye harufu hiyo. Vijana wanaonibebea magunia wanaamka saa tisa usiku, wewe umelala. Kama ulikuwa na la kusema kuhusu namba ungesema namba ukanyamaza.

Fundi Chuma, Mabatini
Mama yangu shikamoo. Sikumtukana mtu. Nimesema namba inafunikwa na mzigo, na hilo ni kweli, nenda kasimame getini asubuhi uhesabu mwenyewe.

Mama Dagaa
Marahaba. Lakini ulisema harufu. Usiikimbie kauli yako.

Mbeba Sangara
Mama, niachie huyu. Fundi, keria yangu uliichomelea wewe, mwaka juzi, pale kwako. Ulinirefushia nyuma ili tenga likae vizuri, ukachukua hela yangu ukahesabu. Ulijua litafunika namba au hukujua? Leo unasimama mbele za watu unasema wabeba samaki wanaharibu jina. Jina lipi? Sangara anayeliwa hotelini Capri Point anafika kwa mguu?

Na mimi ndiye ninayehitaji kibao cha kutengeneza kuliko wote humu. Namba ikibaki pale ilipowekwa na kiwanda, tenga linaifunika. Lazima ishuke chini au isogee nyuma ya mzigo. Sasa mnataka tukatazwe kuisogeza, halafu mtukamate kwa kuifunika.

Kijana wa Igoma
Hapo kwenye keria fundi kabanwa.

Fundi Chuma, Mabatini
Sikubanwa. Nilikwambia siku ile ulete na namba tuishushe, ukasema una haraka, barafu inayeyuka. Nilikwambia au sikukwambia?

Mbeba Sangara
Ulisema elfu kumi na tano zaidi. Hiyo si kuniambia, hiyo ni kunipangia bei.

Mstaafu wa Butimba
Vijana, punguzeni moto. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nanyi wengi wenu hamjazaliwa. Chombo kiwe na namba, na namba isomeke. Nani alikata flati baa si hoja. Trafiki akikukuta namba haisomeki anakuandikia elfu thelathini, na hana haja ya kujua fundi wako ni nani.

Kijana wa Igoma
Shikamoo mzee. Elfu thelathini ni ya magari. Bodaboda na bajaji ilishushwa kuwa elfu kumi kwenye bajeti ya 2021.

Mstaafu wa Butimba
Marahaba. Nashukuru kwa kunirekebisha. Hata hivyo elfu kumi si karanga, ni nusu siku ya mtu barabarani.

Dereva wa Nyegezi
Mzee amesema nilichotaka kusema. Sheria inataka isomeke, na yangu inasomeka. Uongozi wa kijiwe umepata wapi nguvu ya kukataza kisichokatazwa na sheria?

Mwenye Pikipiki Tatu, Buzuruga
Niseme kama mmiliki. Hivi hiyo pikipiki ni yako au ya mkataba? Nauliza kwa sababu zangu tatu ziko barabarani, na kila nikiikagua moja nakuta kitu kimekatwa. Madigadi imekatwa, endiketa zimehamishwa, waya za taa ya nyuma zimeunganishwa kwa kusokotwa na kuviringishwa mfuko wa plastiki. Mvua moja tu, taa inakufa, na fyuzi inakwenda nayo. Abiria naye anashuka na mstari wa tope mgongoni kuanzia kiunoni hadi shingoni, kwa sababu ile madigadi iliyokatwa ndiyo ilikuwa inazuia tope. Kijana akimaliza mkataba aikate atakavyo. Kabla ya hapo ni mali yangu.

Dereva wa Nyegezi
Ni yangu. Nilimaliza mkataba mwaka jana, na karatasi ninayo. Na wewe ndugu, kwa kuwa umejitaja, zile zako tatu zina namba za rangi gani?

Kijana wa Igoma
Swali hilo. Maana Buzuruga kuna namba za njano zinabeba abiria kutwa nzima. Njano ni binafsi, biashara ni nyeupe.

Mwenye Pikipiki Tatu, Buzuruga
Mbili nyeupe. Ya tatu nashughulikia. Na hilo halihusiani na madigadi.

Mbeba Sangara
Linahusiana sana. Unatufundisha kutii huku unabebea watu kwenye njano.

Mwenye Pikipiki Tatu, Buzuruga
Nimesema nashughulikia. Wewe tenga lako limefunika namba miaka miwili hukuwahi kushughulikia.

Mdogo wenu, niko Uingereza
Nimezaliwa Mkuyuni, nisikilizeni kidogo. Huku vibao vya namba vya kubadilisha vinauzwa dukani, watu wanafunga wenyewe na hakuna anayeshangaa. Wanachobana ni namba yenyewe. Herufi za pikipiki zina urefu wa milimita 64, si chini ya hapo, na zilizosajiliwa kuanzia Septemba 2001 namba inakaa nyuma tu. Ukiikunja au ukiweka herufi za mbwembwe ndipo unapata kesi. Kwa hiyo hata huku chuma kimeachiwa mwenye pikipiki.

Mama Dagaa
Mwanangu, huko kuna mtu anabeba gunia la dagaa mbele na nyuma?

Mdogo wenu, niko Uingereza
Hapana mama.

Mama Dagaa
Basi tunaongea habari mbili tofauti. Mimi bado namsubiri fundi.

Fundi Chuma, Mabatini
Mama, samahani kwa neno la harufu. Nalitoa, na nalitoa kwa moyo. Baba yangu alivua Ukerewe, sikupaswa kusema vile. Lakini la namba silitoi.

Mama Dagaa
Nimepokea. La namba tuongee. Vijana wangu wanne, ukiwashushia namba zote utafanya bei gani?

Fundi Chuma, Mabatini
Waje Jumapili, hawana safari nyingi. Kwa mzigo wa nyuma mkono wa kibao haushikwi kwenye keria, maana keria inayumba na mzigo. Unashikwa kwenye fremu, unashuka ubavuni, ndipo unarudi katikati nyuma ya tairi. Na taa ndogo ya namba lazima ishuke nayo. Waya nautoa kwenye taa ya nyuma, naulehemu kwa risasi, navalisha mpira. Sisokoti waya mimi, na hilo namwambia yule wa Buzuruga.

Mbeba Sangara
Na yangu je?

Fundi Chuma, Mabatini
Na yako. Chuma unalipia, kazi silipishi.

Abiria wa Pasiansi
Nimesoma yote, toka juu mpaka hapa. Mmegombana kuhusu harufu, kuhusu rangi za namba, kuhusu Uingereza, na sasa mnapatana bei. Mimi nilisema nimekwapuliwa na namba haikusomeka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Kwenye ile pochi kulikuwa na kadi ya kliniki ya mwanangu. Nimeanza upya kutafuta tarehe za chanjo zake.

Mstaafu wa Butimba
Pole sana binti yangu. Tumekukosea.

Mama Dagaa
Pole mwanangu. Mtoto anaendeleaje?

Dereva wa Nyegezi
Dada yangu, pole, na unisamehe, mimi ndiye niliyeleta hoja hii na nilikupita. Baada ya kusoma maneno yako nimetoka nje na mke wangu. Nimewasha pikipiki ili taa iwake, nikamwambia asimame hatua ishirini nyuma, kiza kilikuwa kimeanza kuingia, asome namba kwa sauti. Amesoma MC, amesoma tarakimu zote tatu, herufi mbili amezipata. Ya mwisho amesema F. Nikamwambia rudia. F. Namba yangu inaishia na E. Nimechuchumaa nikaangalia: fundi wangu alitoboa tundu jipya pembeni, na kichwa cha bolti pamoja na ile raba vimekaa juu ya mguu wa chini wa E. Mwaka mzima natembea na namba ambayo si yangu, na nilikuja hapa kuapa kwamba inasomeka.

Kesho sipangi foleni. Naipeleka kwanza.

Fundi Chuma, Mabatini
Ilete kwangu. Bati la namba halitobolewi upya, lina tundu zake. Mkono wa chuma ndio unaofuata tundu.

Abiria wa Pasiansi
Ukimaliza, mwambie mkeo asimame tena. Hatua thelathini safari hii. Mimi nilikuwa mbali zaidi ya hapo.