Kisu cha kukunja cha kazi za kila siku: nichague kwa kigezo gani?

fundi_matone

Wakuu, habari za jioni. Natafuta kisu cha kukunja cha kukaa mfukoni kila siku, cha kazi, si cha mapambo. Kazi zenyewe: kukata mabomba ya umwagiliaji wa matone (yale ya mm 16), kamba za katani na za nailoni, kufungua maboksi na mifuko ya mbolea, halafu mchana huohuo kumenya embe au chungwa. Niko Tanga karibu na bahari, kwa hiyo kutu na jasho ni mambo ya kila siku. Bajeti isizidi laki moja na nusu.

Madukani naona makundi mawili. Kuna vile vyeusi, vizito, vyenye meno ya msumeno na klipu, bei rahisi mno. Halafu kuna vidogo vya Uswisi na Ufaransa visivyo na mbwembwe lakini bei imesimama. Mmoja ananiambia nitafute chuma cha D2, mwingine 440. Tofauti hasa iko wapi? Na loki (kile kizuizi cha kisu kisijifunge) ni lazima?

chuma_cha_reli

Mkuu, kabla ya jina la chuma angalia unene wa bapa, ile sehemu ya chuma yenye makali. Opinel No. 8, kile cha Ufaransa, ina bapa la sm 8.5 na mgongo wake haufiki mm 2. Vile vyeusi mgongo huwa mm 3 na kupanda. Hata hivyo mgongo si kitu sana. Tatizo ni kwamba vingi vimetiwa makali vikiwa bado vinene. Ukiwa na kalipa (kifaa cha kupimia unene), pima unene pale juu tu makali yanapoanzia. Kati ya mm 0.3 na 0.5 ni kisu cha kukata. Ikifika mm 0.8 au zaidi, hicho ni cha kupasulia, hata kikiwa kimenolewa hadi kinanyoa ndevu. Kwa kazi yako utaona haraka: bomba linabonyea kabla ya kukatika, kisu kinateleza, mkato unakwenda mshazari, na bomba la mshazari ukilichomeka kwenye kiungio halikai sawasawa, linavuja.

Sasa chuma. "440" bila herufi haikuambii kitu. 440A ina kaboni kama asilimia 0.7, 440C inafika asilimia 1 na kwenda juu kidogo, na hivyo ni vyuma viwili tofauti kabisa katika kukaa na makali. Muuzaji mwenye 440C huandika ile C, hawezi kuisahau. D2 inakaa na makali muda mrefu, hilo ni kweli, lakini kwa Tanga nakuonya. Ina kromiamu karibu asilimia 12, mtu anadhani ni stenlesi. Tatizo ni kwamba kaboni yake ni nyingi, karibu asilimia 1.5, nayo inaifunga sehemu kubwa ya kromiamu hiyo ndani ya chembe ngumu. Inayobaki huru kuzuia kutu haitoshi kwa mtu wa jasho na chumvi. Utaona madoa ya kahawia kwanza karibu na pini inayoshika bapa kwenye mpini, pale usipofika na kitambaa.

Kwa matumizi yako: 12C27 ya Sweden (ndiyo iliyomo kwenye Opinel za Inox, yaani stenlesi), 14C28N, au chuma cha Victorinox, vile visu vya Uswisi. Hiki cha mwisho wapenda visu hukicheka kwa kuwa ugumu wake ni HRC 56 tu (HRC ni kipimo cha ugumu wa chuma). Mimi naona huo ni uamuzi mzuri. Makali yake yakichoka hujikunja badala ya kumeguka, na dakika tano za jiwe zinayarudisha. Chukua Victorinox Pioneer ya mm 93, yenye mpini wa alumini. Haina loki, na sioni kama unaihitaji.

mkata_kamba

Nakubaliana na mdau hapo juu kuhusu unene, ila kwenye loki ameipita haraka. Ukikata kwa kusukuma makali chini, nguvu inazidi kulifungua bapa, kwa hiyo springi peke yake inatosha. Hatari iko kwenye kuchoma. Mfuko wa mbolea ni plastiki iliyofumwa: unaichoma kwa ncha, ncha inagota, mkono unaendelea, na kisu kinafunga juu ya vidole vyako. Kazi hiyo amesema anaifanya, tena pengine mara nyingi kwa siku. Kwake mimi ningesema loki.

Loki rahisi kuikagua ni ile ya kibati cha ndani kinachoruka kando na kukaa nyuma ya shina la bapa. Fungua kisu kwa nguvu ya kawaida, tazama kibati kimesimama wapi. Kikishika robo hadi nusu ya upana wa shina, sawa. Kikigusa pembeni tu, kitateleza siku ukikibana. Kikiwa tayari kimevuka hadi upande wa pili kisu kikiwa kipya, hakijabakiwa na nafasi ya kulika. Kisha weka vidole nje ya njia ya makali na ubonyeze mgongo wa bapa kwa kiganja, polepole. Kikifunga, mrudishie muuzaji.

Lakini loki haikigeuzi kisu kuwa mtaimbo. Ncha nyingi huvunjika kwa kubandua mifuniko ya rangi.

Na hayo meno ya msumeno achana nayo. Kwa kamba ya nailoni yanakwenda vizuri, sikatai. Ila yanakaa karibu na mpini, palepale penye nguvu zaidi ya mkono, na yakishakuwa butu jiwe bapa haliyafikii.

kisauni_2

Kwa mtu wa pwani anayetaka Opinel: nunua iliyoandikwa INOX, si CARBONE. Ile ya kaboni ni tamu kunoa, lakini embe moja tu inaigeuza rangi, na hewa ya bahari inamalizia. Jambo la pili ni mpini. Ni mti, na mti ukinywa maji unavimba na kulibana bapa hadi kucha inashindwa kulifungua. Gonga ule mwisho wa mpini juu ya meza, bapa litachomoza kidogo, ulishike kwa vidole. Hilo ni la muda. Dawa ni kuuacha ukauke kabisa kivulini, upitishe msasa mwembamba ndani ya mfereji, kisha upake mafuta ya kitani na uufute, mara mbili au tatu, kila mara ukisubiri yakauke.

Ile pete ya chuma inayozungushwa, iliyowekwa tangu 1955, ndiyo loki yenyewe. Haijifungi: usipoizungusha kwa mkono, huna loki.

fundi_matone

Nashukuru sana wakuu. Naelekea kwenye Opinel Inox kwa ajili ya loki. Mawili yamebaki: feki nitazijuaje? Na kunoa, kuna jamaa wa baiskeli anapita mtaani, nimpe?

chuma_cha_reli

Kuhusu loki mkata_kamba ana hoja, mifuko ya mbolea sikuipa uzito. Opinel itakufaa.

Feki: Opinel halisi ina alama ya mkono wenye taji juu yake, imegongwa kwenye bapa, na mistari yake inasomeka. Zungusha pete: iende laini, ikaze mwishoni, bapa lisicheze upande wala juu na chini. Kikunje ukitazame kutoka juu, bapa lipite katikati ya mfereji. Ukikuta kisu cha bei ya kutupa chenye mawimbi ya "damaski", tazama mgongo. Mawimbi yakiishia ubavuni bila kuvuka juu ya mgongo, yamechorwa tu.

Jamaa wa baiskeli mpe panga na visu vya jikoni. Jiwe lake ni kavu na linazunguka, makali membamba yanapata moto haraka kuliko unavyodhani. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, pale chuma kimelegea, na hakitakaa na ukali hadi sehemu hiyo inolewe na kuisha yote. Isitoshe ncha nayo huviringwa.

Noa mwenyewe. Jiwe la maji la namba 1000 linatosha (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi). La 400 ni la makali yenye mapengo. Liloweke hadi viputo viishe. Laza bapa, kisha inua mgongo: kwa bapa la upana wa sm 2, inua mm 5 hadi 6, hapo uko kwenye nyuzi 15 hadi 17. Noa upande mmoja tu hadi usikie kwa kidole, kwa kupapasa kutoka mgongoni kuelekea nje, unywele wa chuma (ukingo mwembamba uliokunjika) umejitokeza upande wa pili kuanzia shina hadi ncha. Usigeuze kabla ya hapo. Wengi hugeuza mapema, ndiyo maana kisu kinakata katikati na mwisho ni butu. Geuza, fanya vilevile, kisha punguza mkandamizo na upishanishe pande, mara moja huku mara moja kule, hadi unywele uondoke. Malizia kwa kuburuta bapa kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi mara kumi hivi kila upande. Kipime kwa nyanya iliyoiva: kiingie kwa uzito wake, bila kusukumwa.

Kwenye pini tone moja la mafuta ya cherehani, ufute yanayomwagika kabla ya kugusa embe. Mafuta ya kupikia usitie. Yanaganda na kugeuka gundi, na mchanga unanasa humo.

mkata_kamba

Nyongeza kwa watakaochagua vya skrubu: nyingi ni Torx (zenye tundu la nyota) T6 na T8. Bapa likicheza, kaza pini kidogo sana, kama robo ya robo ya mzunguko, ujaribu, ukaze tena. Zikilegea kila mara, tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya buluu, si nyekundu, maana nyekundu haifunguki bila kuipasha moto. Na ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi.