Chaja za vifaa vya betri kukaa kwenye soketi muda wote: zinakula umeme kiasi gani?

MpendaUsafi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwenye jambo linalotuletea mvutano hapa nyumbani. Tuna kifyonza vumbi cha betri, kinaning'inia kwenye kishikio chake ukutani na chaja imechomekwa muda wote. Bafuni kuna mswaki wa umeme unaokaa kwenye kitako chake. Stoo kuna drili ya betri ya zamani, chaja yake nzito kama tofali, na haijachomolewa siku nyingi.

Mwenzangu anataka kila kitu kikijaa kichomolewe, anasema uniti zinakwenda bure. Mimi naona kifyonza vumbi kikichomolewa, siku ya kukihitaji nitakikuta hakina chaji. Sitaki tubishane kwa hisia. Kuna mwenye hesabu za uhakika? Na betri haziharibiki kwa kukaa kwenye chaji? Natanguliza shukrani.

FundiWaya

Mkuu, hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka una saa 8,760. Kitu kinachovuta wati 1 usiku na mchana kitakula uniti 8.76 kwa mwaka (uniti 1 ni kWh 1, yaani wati-saa 1,000). Ukijua chaja yako inavuta wati ngapi ikiwa imetulia, zidisha kwa hizo 8.76, kisha kwa bei ya uniti unayolipa.

Ila vifaa vyako havifanani, tusivitie kapu moja.

Kifyonza vumbi, kama ni cha betri ya lithiamu na chaja yake ni nyepesi, kiache. Betri ya volti 25.2 yenye Ah 2.5 (ampea-saa, zidisha kwa volti) inabeba wati-saa 63. Ukijumlisha umeme unaopotea njiani, ukutani unavuta kama wati-saa 80. Kwa hiyo uniti moja inakupa chaji kamili zaidi ya 12. Ikijaa, saketi ya ndani inakata chaji yenyewe, na kinachoendelea kuvutwa ni kipande cha wati tu.

Drili ndiyo ya kuangalia. Chaja nzito ni ya transfoma ya chuma. Koili yake inapitisha umeme muda wote ikiwa kwenye soketi, hata betri ikiwa haipo, na umeme huo unaishia kuwa joto. Kuvuta wati 2 hadi 4 si ajabu. Chukua wati 3: ni uniti 26 kwa mwaka, kwa kifaa unachokitumia mara chache. Isitoshe, drili nyingi za enzi hizo betri zake ni za nikeli, na chaja zake nyingi haziachi kuchaji betri ikijaa, zinaendelea kutia kidogo kidogo na betri inachakaa kwa joto. Hiyo chomoa leo.

BintiHesabu

Naongezea kuhusu mswaki, maana ndio unaonishangaza kuliko vyote. Betri yake nzima mara nyingi haifiki wati-saa 3. Lakini kitako kinachaji kwa sumaku bila waya kugusana, na koili yake inafanya kazi muda wote, mswaki uwepo usiwepo. Kikivuta wati 1, kwa siku ni wati-saa 24, yaani mara nane na zaidi ya betri yenyewe inavyobeba. Mswaki ukijaa unakaa siku kadhaa bila chaji, kwa hiyo chomeka kitako pale unapoonyesha dalili ya kuisha.

KakaMkubwa

Mimi kwangu nachomoa vyote bila kuuliza wati. Uniti ni jambo moja, moto ni jingine. Betri ya lithiamu iliyovimba au iliyoanguka vibaya ikiachwa kwenye chaji watu wamelala ni hatari. Mwenzako ana hoja, msikilize.

FundiWaya

KakaMkubwa, hapo nakubaliana nawe kabisa: betri iliyovimba, waya uliochubuka, chaja isiyo ya kifaa chenyewe, au chaja iliyofunikwa na nguo, hizo zitoke kwenye umeme mara moja. Kwa kifaa kizima chenye chaja yake halisi, tumia swichi ya soketi. Kuchomoa na kuchomeka kila siku kunalegeza soketi, na soketi iliyolegea nayo inapata moto.

MpendaUsafi

Asanteni sana. Nimeshika chaja ya kifyonza vumbi, ni baridi. Ya drili ina joto, na betri haipo juu yake! Nitapimaje nijue wati zenyewe?

BintiHesabu

Umeshapima nusu tayari, kwa sababu joto hilo ndio umeme unaolipia. Baada ya hapo soma kibandiko cha chaja. Ukiona namba ya Kirumi VI, hiyo ni ngazi ya ufanisi. Chaja ndogo za ngazi hiyo, zisizozidi wati 49, kwa kawaida hazivuti zaidi ya wati 0.1 zikiwa hazijaunganishwa na kifaa. Marekani walifanya kiwango hicho kuwa sharti mwaka 2016. Wati 0.1 ni chini ya uniti 1 kwa mwaka. Birika la wati 2,000 likichemsha maji dakika 3 limekula sawa na chaja hiyo iliyokaa siku 41.

Kupima kwa mita ya nyumbani inawezekana. Zima kila kitu, friji pia, uache chaja zote pamoja. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa yake inawaka mara 1,000 kwa uniti moja, kila inapowaka ni wati-saa 1. Ikiwaka kila baada ya dakika 20, chaja zako zinavuta wati 3. Usipime moja moja, mita nyingine hazisomi mzigo mdogo sana.

MamaWawili

Swali la betri halijajibiwa. Lithiamu haipendi vitu viwili vikikutana: kujaa pomoni na joto. Kishikio kikiwa ukutani penye jua au karibu na jiko, betri itazeeka haraka hata kama uniti haziliwi. Kihamishieni penye ubaridi. Na mkisafiri muda mrefu, kiacheni kikiwa na chaji kama nusu, kisiwe kimejaa wala kimeisha.

MpendaUsafi

Kishikio chetu kiko karibu na dirisha la jua la mchana, nakihamisha. Chaja ya drili nimeshaichomoa. Je, naweza kutafuta chaja nyepesi ya kisasa niiweke badala ya ile nzito?

FundiWaya

Usibadilishe kwa kuangalia pini kuingia tu. Chaja ya lithiamu haichaji betri ya nikeli, hata volti zikikaribiana, na kinyume chake ni hatari zaidi. Angalia maandishi kwenye betri: NiCd au NiMH ni nikeli, Li-ion ni lithiamu. Piga picha vibandiko vyote viwili, cha betri na cha chaja, uweke hapa tuvisome.