Naachana na hita ya umeme: niweke sola ya paani au pampu ya joto?

MpendaJua

Habarini wakuu, naombeni mawazo yenu maana hili jambo nimelizungusha kichwani wiki nzima na kila ninayemuuliza ananiambia lake. Tuna tanki la umeme la lita 150, koili yake kilowati 3, la zamani kweli, ukiligusa kwa nje unasikia kabisa lina joto yaani linachemsha na hewa ya stoo. Bili ya umeme inanitia uchungu, na huku nje jua linawaka kuanzia asubuhi hadi jioni karibu mwaka mzima, nikitoka uwani nikaangalia mabati yanavyometameta roho inaniuma kabisa kwamba joto lote lile linapotea bure.

Tuko sita: mimi, mwenzangu, watoto watatu na mama mkwe ambaye anaoga alfajiri kabla hata jua halijachomoza na hataki kusikia habari ya maji baridi. Wengine wengi wanaoga jioni. Paa linapata jua zuri ila kuna mti mkubwa upande mmoja, kivuli chake kinaanza kupanda mabati kama saa tisa alasiri hivi. Kuna wanaoniambia niweke sola ya mirija ya vioo, wengine wanasema paneli bapa, fundi mwingine kaja na habari za pampu ya joto ambazo sijazielewa vizuri. Na kuna aliyesema niweke paneli za umeme wa jua tu basi niache mambo ya mabomba. Nyie mliotangulia mnanishauri nini?

fundi_wa_paa

Karibu mkuu. Mi nafunga hizi hita na kuzikarabati, nitakwambia ninachokiona kwenye mapaa ya watu. Kabla hujachagua chombo, kachukue ndoo ya lita 10 uende bafuni, fungua shawa kama unavyooga siku zote halafu hesabu inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa sekunde 40, shawa yako inamwaga lita 15 kwa dakika. Mtu akikaa chini yake dakika 10 ni lita 150, na kama maji ya tanki ni nyuzi 60 na ya bomba ni nyuzi 20 basi kupata nyuzi 40 unachanganya nusu kwa nusu, yaani huyo mmoja kamaliza lita 75 za moto. Hapo tanki la lita 200 haliwatoshi hata watu watatu. Sasa badilisha kichwa cha shawa kiwe cha lita 8 kwa dakika, oga dakika 6, umetumia lita 24 tu za moto, na tanki lilelile linatosha familia yako yote na akiba juu. Hiki kichwa cha shawa ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na watu wanakiruka, wanakwenda kununua tanki kubwa ambalo jua lenyewe halitaweza kulichemsha.

Kwa sehemu ya jua kama hiyo yako mi ningeenda na sola ya kujizungusha yenyewe, ile tanki linakaa juu ya paneli. Haina pampu wala haitaki umeme kuzungusha maji: yakipata joto kwenye paneli yanakuwa mepesi yanapanda tankini, ya baridi yaliyo mazito yanashuka chini kwenda kupashwa, hivyo hivyo mpaka jua lizame. Ila ina masharti yake. Tanki lazima liwe juu zaidi ya kichwa cha paneli, la sivyo usiku mzunguko unageuka, maji ya moto yanarudi kwenye paneli yanapoa na asubuhi mnakuta vuguvugu. Na mabomba yapande tu moja kwa moja, yasiwe na mahali yamebonyea, maana hewa itanasa pale na maji yatasimama. Nimeitwa sehemu nyingi naambiwa sola imekufa, nikipanda juu nakuta bomba limejikunja kidogo tu, nalinyoosha, jioni maji yanachemka.

Mirija ya vioo ni mizuri kwenye baridi na mawingu maana ina ombwe katikati, joto halitoki. Kwenye jua kali paneli bapa inatosha kabisa na inavumilia. Zile za mirija ambapo maji yanakaa ndani ya kioo chenyewe hazitaki presha, ukiziunga na pampu ya presha ya nyumba unazipasua.

Mama Wawili

Nakubaliana na fundi kwa mengi lakini huo mti usiupuuze dada/kaka. Mimi nilikuwa na paa la kivuli nikaweka pampu ya joto na naisifia kila siku. Ni hivi, haitengenezi joto, inalihamisha. Inavuta hewa ya nje, inachukua joto lake na kulisukuma ndani ya maji, mtambo wake ni uleule wa friji ila umegeuzwa. Kwa sehemu ya joto kila uniti moja ya umeme inakupa kama uniti tatu za joto ndani ya tanki, wakati koili inakupa uniti moja tu ya joto kwa kila uniti ya umeme. Kwahiyo kama hita yako inakula uniti 9 kwa siku hiyo inakula kama 3 hivi, jua liwepo lisiwepo, mvua inyeshe isinyeshe.

Vitu vya kujua ni kwamba inachemsha polepole, masaa kadhaa, sio kitu cha kuwasha halafu ukaingie bafuni. Mi nimeiweka saa yake iamke saa sita mchana wakati hewa ina joto jingi, inafanya kazi kirahisi zaidi. Inatoa hewa baridi na kavu, na inadondosha maji, hivyo inataka kabomba ka kutolea maji hayo na nafasi ya kupumua. Ukiifungia kastoo kadogo itapoza kile kichumba mpaka yenyewe ikose joto la kuvuta. Ina mlio wa feni pia, usiiweke chini ya dirisha la chumba cha kulala cha mama mkwe, atakusema mpaka basi. Kichujio cha hewa nakisafisha mwenyewe na brashi.

MpendaJua

Asanteni sana, ni kaka Mama Wawili 🙏 Nimepima na ndoo, shawa ya chini inajaza kwa sekunde 35, sikuwa na habari kabisa. Fundi, huu mti sasa unaniharibia? Na mama wa alfajiri tutamfanyaje na sola, maana jua linatoka yeye keshaoga.

fundi_wa_paa

Kivuli cha kuanzia saa tisa hakikusumbui, nguvu ya jua unaivuna kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa. Kingekuwa cha saa sita ningekwambia fuata ya Mama Wawili bila kufikiria mara mbili. Hesabu yake ni rahisi, kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 unahitaji uniti 9 na kidogo za joto, na mita moja ya mraba ya paneli nzuri kwenye jua la siku nzima inakupa kama mbili na nusu mpaka tatu. Kwahiyo usikubali ukauziwa tanki la lita 300 limeunganishwa na kapaneli ka mita 2 za mraba, maji yatakuwa ya kunawa uso tu. Kwa watu sita chukua tanki la 300 na paneli za mita 4 za mraba au karibu na hapo. Paneli ziangalie upande wa ikweta, na hata kama mko karibu na ikweta yenyewe usizilaze kabisa, ziinue angalau nyuzi 10 mvua izioshe vumbi na maji yapande vizuri.

Mama wa alfajiri anaoga maji ya jana. Tanki lenye sponji nzuri ya kuzuia joto linapoteza nyuzi chache tu usiku kucha, sio lile lako la stooni. Kinachopoza ni mabomba, mafundi wengi wanaacha bomba la moto wazi juu ya paa, upepo wa usiku unalipiga. Livishwe sponji nyeusi kuanzia tankini mpaka linapoingia ndani, na juu ya sponji liwe na kifuniko kinachostahimili jua maana sponji tupu jua linaitafuna inakuwa unga.

Halafu kuna koili ya akiba ndani ya hizi sola, na hapa naomba nisikilizwe sana. Watu wanaiacha ON siku nzima. Watu wakishaoga jioni koili inapasha tanki zima usiku, jua linapotoka asubuhi linakuta maji tayari ni ya moto, halina cha kupasha. Una sola paani na bili iko palepale, halafu unawaambia majirani sola ni uongo. Weka taima, koili iruhusiwe kuwaka jioni tu baada ya jua kumaliza kazi yake, na kwa siku za mawingu tu. Siku za jua swichi iwe chini kabisa.

nyaya_na_mita

Naomba niingie upande wa umeme. Paneli ya umeme wa jua inageuza kama asilimia 20 ya jua kuwa umeme, paneli ya maji inakamata nusu au zaidi kuwa joto. Ndo maana kuchukua umeme wa jua na kuupeleka kwenye koili ya kawaida inakula paa kubwa kwa kazi ndogo. Lakini umeme huohuo ukiupeleka kwenye pampu ya joto inayozidisha mara tatu, ile 20 inakuwa 60, mko sawa na sola ya maji. Na siku mmesafiri umeme huo unafanya kazi nyingine, friji, taa, wakati maji ya moto paani hayana wa kuyaoga. Kwahiyo kama una mpango wa kuweka umeme wa jua kwa ajili ya nyumba nzima, pampu ya joto inayofanya kazi mchana ndo inafaa zaidi. Kama unachotaka ni maji ya moto tu, sola ya fundi ni rahisi na haina vitu vingi vya kuharibika.

Na niseme ukweli kwa wengine wanaosoma hapa wenye shawa ya umeme ya papo kwa papo. Ile inakula kilowati 5 na zaidi ikiwa imewashwa, lakini inawaka dakika chache tu na haina tanki la kupoza usiku kucha. Mtu akioga dakika 8 kwa kilowati 5.5 ametumia pungufu ya uniti moja. Mkiwa wawili tu nyumbani, kubadilisha kunaweza kuchukua muda mrefu sana kurudisha hela yake, pigeni hesabu kwanza. Huyu ndugu yetu wa tanki kongwe la lita 150 ndo mwenye sababu kubwa ya kuhama.

Mama Wawili

Kabla hamjamaliza, watoto jamani! Maji ya sola siku ya jua ambayo hamjaoga yanaweza kufika nyuzi 80 na kupita, na maji ya nyuzi 60 tu yanamuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde chache, mtoto ni haraka zaidi. Muombe fundi akufungie valvu ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe, ikae kwenye bomba la moto kabla halijafika bafuni, iwekwe isizidi nyuzi 50. Usikubali kuambiwa ni anasa. Na msije mkashusha joto la tanki lenyewe kwa kukwepa kuungua, maji yakikaa ya vuguvugu siku nyingi kuna bakteria wa Legionella wanazaliana humo na ni ugonjwa mbaya wa mapafu, hasa kwa wazee. Tanki lifike 60, valvu ndo ipoze.

MpendaJua

Nimewaelewa vizuri sana. Umeme wa jua wa nyumba nzima sina mpango nao kwa sasa kwahiyo naenda na sola ya paani, lita 300, paneli bapa, taima kwenye koili, valvu ya kuchanganya na vichwa vipya vya shawa, hivyo vya shawa nanunua kesho. Maswali mawili ya mwisho fundi. Maji yetu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, itakuwa shida? Na tukifunga nyumba wiki mbili tatu sola inabaki inachemka yenyewe huko juu?

fundi_wa_paa

Huo ukoko ni chokaa na ndiyo, utaingia kwenye paneli uzibe vibomba taratibu. Ulizia ile yenye mzunguko wa ndani uliofungwa, maji yako ya kuoga hayapiti kwenye paneli, kimiminika maalumu kinazunguka humo na kupasha tanki kutoka nje. Inafaa pia kwa wanaopata baridi ya kugandisha. Halafu ndani ya tanki kuna fimbo ya magnesi, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tanki. Ikaguliwe kila baada ya mwaka au miwili, ikibaki waya mtupu weka mpya. Matanki mengi yanayotoboka fimbo yake haijawahi kuguswa tangu siku ya kufungwa.

Na usisahau kabla ya yote, lita 300 ni kilo 300 za maji bado hujahesabu chuma, mwite fundi wa mbao aangalie kenchi kwanza, ikibidi aongeze mihimili pale tanki litakapokaa.

Kuhusu safari, funikeni paneli kwa turubai la rangi nyeupe siku ya kuondoka na koili izimwe. Usifunge bomba la hewa wala valvu ya usalama kwa sababu yoyote ile, hata ukiona inadondosha matone mchana, hiyo ni presha inapumua. Ikidondosha usiku na mchana bila kukoma hapo niite mimi au fundi yeyote mwenye ngazi ndefu. Na kabla hujaanza, piga picha ya paa saa sita mchana uitume hapa tuone huo mti.