Gari yala oili lita nzima kwa wiki, fundi asema oveholi. Nifungue injini?

Changu_na_Pono (Malindi)
Assalaam aleikum jamaa zangu. Nachukua samaki Ngomeni napeleka Mombasa, mara tatu kwa wiki. Gari ni wagoni ya Kijapani ya 2003, petroli, sisi 1800, imetembea kilomita 214,000. Tangu Ramadhani yala oili. Jumamosi najaza mpaka alama ya juu, Ijumaa nikichomoa dipstiki imelowa ncha tu. Narudishia lita nzima. Chini hapana tone: nimelaza katoni uani usiku kucha, asubuhi kavu. Moshi mimi siuoni, lakini kijana wangu aliyenifuata na pikipiki asema nikikanyaga kupita lori hutoka wa buluu na harufu yauma macho.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Ringi za pistoni zimekwisha hizo, oveholi, elfu 90." Wa pili asema nitie oili nzito, ishirini-hamsini (20W-50), itakaa. Hiyo elfu 90 ndiyo mtaji wangu wa samaki na barafu. Naombeni ushauri kabla haijanitoka.

Spana_14
Aleikum salaam ndugu yangu. Usitoe hata shilingi bado. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, kwa hivyo wewe, kwenda na kurudi mara tatu, kwa wiki waenda 720 na zaidi. Kuna watengenezaji wanaoandika kwenye vitabu vyao kuwa hata lita 1 kwa kilomita 1,000 si ubovu. Wewe umeshapita hapo, una haki ya kushtuka.

Moshi ndio utakaokwambia kwanza. Asubuhi, gari imelala usiku kucha, mtu asimame nyuma ukipiga stata. Ukitoka wa buluu kidogo kisha ukakatika, shuku sili za valvu, zile raba ndogo zinazozuia oili isiteremke kwenye silinda. Kisha huku kwetu ni tambarare, hakuna mlima wa kujaribia, basi nenda 80, achia akselereta gari ijivute yenyewe, halafu kanyaga. Moshi ukija pale unapokanyaga tena, bado ni sili. Ukitoka muda wote gari ikiwa na mzigo, hapo ndipo ringi.

Ummu_Z
Baba, mimi si fundi, lakini angalia oili kila safari na ubebe lita moja ya akiba. Ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi si ya kukwambia oili imepungua. Ikiwaka, presha imeshaondoka, zima papo hapo. Mume wangu iliwaka wakitoka Kilifi, akasema afike Gede kwanza kuna kivuli. Hakufika. Injini ilikaza njiani, ikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani na haikuamka tena.

Changu_na_Pono
Ahsante mama, tayari niko na galoni kwenye buti. Spana, asubuhi hakutoka moshi wowote. Ni wakati wa mzigo tu.

Spana_14
Basi sili tuziweke kando. Sasa toa pisivi (PCV), ile valvu ndogo ya kupumulia injini iliyo kwenye kava la juu. Itikise sikioni. Isipolia kachakacha imeganda, nunua nyingine, ni kitu cha bei ndogo. Ikiganda wazi injini yavuta oili kupitia huko, ikiziba presha hupanda chini na kusukuma oili.

Kisha toa plagi nne uzipange kwa mpangilio wake. Oili ikiwa kwenye nyuzi za juu tu, ni sili ya mashimo ya plagi. Ikiwa kwenye ncha, na masizi meusi yenye mafuta, inaungua ndani.

Mwisho, pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda. Silinda ikiwa chini ya wenzake, tia kijiko cha oili kwenye tundu upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Na oili nzito, kaka, iache. Itakuficha ugonjwa kwa muda, na kama injini yako ina vivuti (VVT, mtambo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka), mifereji yake myembamba yataka oili iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

Changu_na_Pono
Nimerudi baada ya siku 9. Pisivi haikulia kabisa, imejaa lami. Plagi ya tatu na ya nne ncha zimelowa, nyeusi. Kompresheni: 170, 172, 165, 168 psi. Fundi kijana aliyepima akanitazama, akaniambia, "Mzee, injini hii haijafa."

Spana_14
Amesema kweli. Pistoni ina ringi mbili za juu za presha, na ya chini ya kukwangua oili. Nyuma ya hiyo ya chini kuna vitundu vya kuirudisha oili sampu, lile beseni la chini ya injini. Oili ikizidi muda wake, masizi huviziba na ringi hunata. Kompresheni yabaki nzuri, oili yaendelea kupanda.

Jaribu kuloweka. Injini ikiwa vuguvugu, tia dawa ya kuyeyusha kaboni kila silinda, ilale. Asubuhi chomoa koili, funika matundu kwa kitambaa, piga stata dawa itoke *kabla* hujarudisha plagi, la sivyo utapinda koneksheni rodi, ule mkono wa pistoni. Kisha mwaga oili yote na filta. Usiendeshe na ile iliyochanganyika na dawa.

Kijana_wa_Mambrui
Nikubaliane nusu. Mimi niliweza, rafiki yangu hakuweza, ringi zake zilikuwa zimelika kweli. Ni jaribio la bei rahisi, si ahadi.

Changu_na_Pono
Tumeloweka siku mbili. Ile dawa iliyorukia kitambaa ilikuwa nyeusi kama maji ya pweza. Pisivi mpya, plagi mpya, oili ya 5W-30. Nimeenda safari sita, kama 1,440: nimeongeza lita moja tu na kidogo. Moshi, kijana asema huuona mara moja moja. Je, nirudie kuloweka?

Spana_14
Rudia mara moja, na oili ubadilishe kila kilomita 5,000 bila kuchelewa. Endelea kuandika unachoongeza kila Ijumaa. Ikirudi lita kwa wiki, tutafungua, na wakati huo ringi, pistoni na sili za valvu vyote pamoja, maana kazi ni ile ile.