Ushauri: mikanda ya usukani, nifunge wapi pikipiki isilale njiani?

Mwana wa Rangi Tatu: Habari za jioni wakuu. Kesho alfajiri Boxer yangu inaondoka na Canter kutoka Mbagala kwenda Songea, kupitia Morogoro. Leo nimeshinda Gerezani, nimepata mikanda minne ya racheti na vitanzi viwili vya kitambaa vya kuzungushia usukani. Muuzaji kaniambia nikaze mpaka shokapu za mbele zilale kabisa. Fundi wa mtaani kwangu anasema nikifanya hivyo sili, ile mipira inayozuia oili, zitakufa, itafika oili inachuruzika. Nimsikilize nani? Nimemaliza mkataba wa hii pikipiki mwezi uliopita tu, baada ya miezi 14 ya kupeleka hesabu kila siku. Tangu mchana chakula hakishuki. Nawasilisha.

Kipozeo: Mkuu, kwani isiendeshwe tu? Mimi niliwahi kutoka Temeke nikalala Iringa, kesho yake jioni niko Njombe kwa mama mkwe. Makambako mvua ilinikuta, vidole vikafa ganzi hata klachi sikuisikia. Nilipofika ilibidi mama mkwe anifungue vifungo vya koti kama mtoto wa chekechea. Mpaka leo mke wangu ananicheka.

Mwana wa Rangi Tatu: Pole mkuu. Ila swali langu ni mikanda.

Fundi Spoku: Fundi wako yuko karibu zaidi na ukweli. Shokapu zibonyee kama nusu, basi. Usipozibonyeza, gari likipiga tuta pikipiki inazama, mkanda unalegea, ndoano inachomoka. Ukizilaza zote, hazina tena pa kwenda, kila tuta linaishia kwenye sili. Vitanzi vizungushe karibu na katikati ya usukani, pale unaposhikwa na foki, yale mabomba ya shokapu za mbele. Usifunge kwenye mipira ya kushikia, maana huko usukani unapinda na eksleta inabanwa. Mkanda usikandamize waya wa klachi wala wa breki. Tairi la mbele liguse ukuta wa bodi, usukani unyooke, halafu vuta kwenda mbele na chini, kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa zamu. Mikanda miwili ya nyuma inazuia mkia kuruka na pikipiki kusogea. Weka gia ya kwanza, stendi zote kunja.

Mla Mihogo: Aweke na kipande cha mbao juu ya tairi, shokapu zisishuke sana.

Fundi Spoku: Kwa Boxer hapana. Madigadi yake imekaa chini na ni plastiki, ataivunja bure.

Kirikuu Mzee: Hiyo ya stendi naithibitisha. Nilipakia yangu Korogwe nikaiacha na stendi ya pembeni, nikajua nimeiwekea mguu wa ziada. Kabla ya Chalinze stendi ikateleza, pikipiki ikalala juu ya godoro, petroli ikamwagika. Godoro jipya! Tulilianika wiki nzima, ukilala kichwa kinauma. Punguza mafuta kwenye tangi.

Dada wa Kongowe: Mdogo wangu, ndani ya bodi kuna nini kingine? Kaka yangu ni utingo, najua Canter haiendi Songea na pikipiki moja.

Mwana wa Rangi Tatu: Mizigo ya kawaida tu dada.

Dada wa Kongowe: Kawaida ipi?

Mwana wa Rangi Tatu: Magunia. Yameshapakiwa, kwa hiyo pikipiki itakaa juu yake. Mdogo wangu atakuwa ameikalia anaishikilia.

Fundi Spoku: Ngoja kwanza. Nani ataikalia wapi?

Mwana wa Rangi Tatu: Mdogo wangu, juu ya pikipiki, huko nyuma. Ana miaka 16, ana nguvu zake. Mbele wapo dereva, utingo na mama, na mama katoka hospitali juzi, hawezi kubanwa. Mimi nabaki kazini. Dereva nimeshampa laki na nusu, na amesema amebeba hivyo mara nyingi. Ndiyo maana nauliza mikanda, ili dogo asipate tabu.

Mzee wa Mwambao: Mwanangu, umetuuliza habari za sili za shokapu wakati umemweka binadamu juu ya gunia. Gari likifunga breki ghafla, huyo mtoto atashika nini? Pikipiki ina kilo zaidi ya 100, ndiyo itakayomshika yeye. Vijana wa siku hizi mnahesabu chuma kabla ya damu yenu.

Chuma cha Reli: Wakuu, mbona mnajisumbua? Hii chai. Magunia yanatoka Songea kuja Dar, ndiko mahindi yaliko! Na mtu wa Mbagala azunguke Morogoro ya nini wakati Kilwa Road iko mlangoni, anapita Masasi, Tunduru, anaingia Songea? Kamaliza mkataba juzi, leo pikipiki inakimbizwa mkoani usiku. Kadi ya pikipiki iko kwa nani?

Mla Mihogo: Hapo kwenye kadi hata mimi nasubiri jibu.

Mwana wa Rangi Tatu: Ni magunia ya chumvi na marobota ya mitumba. Nusu ya chumvi inashushwa Makambako, ndiyo maana gari linapita Morogoro na mlima Kitonga. Kadi ninayo, jina langu. Mama anarudi nyumbani kwa sababu Dar hapawezi tena, na dogo atapiga bodaboda ili mama ale. Mnaniita mwizi kwa pikipiki niliyoilipia kwa jua na mvua. Sikusema habari za dogo mapema kwa kuwa nilijua mtasema hivi hivi.

Dada wa Kongowe: Nakuamini. Dogo mkatie tiketi ya basi pale Mbezi. Kama nauli imepungua nifuate PM.

Fundi Spoku: Mkuu, chumvi inabadilisha kila kitu. Magunia yanashindiliwa kadiri gari linavyotikisika, pikipiki inashuka nayo, na mkanda uliokaza Mbagala unakuwa kamba ya nguo Chalinze. Pia chumvi ikipata unyevu inakula mnyororo na rimu. Shusha magunia ya mbele, pikipiki ikae sakafuni imegusa ukuta wa bodi, ifunike turubai, mzigo urudi nyuma yake. Kitonga ni kupanda, kila kitu kinataka kurudi nyuma, kwa hiyo ndoano za mbele zishike kwenye chuma cha bodi, siyo kwenye mbao.

Mwana wa Rangi Tatu: Wapakiaji watataka hela nyingine.

Kirikuu Mzee: Godoro langu lilikuwa elfu tisini.

Mwana wa Rangi Tatu: (saa 2:40 asubuhi) Wakuu, sikulala. Tumeshusha magunia 12, wamechukua elfu 15. Dogo yuko kwenye basi, dada wa Kongowe Mungu akuzidishie. Mafuta nimeacha kidogo tu. Maelezo ya fundi nimeyaandika kwenye boksi nikampa utingo. Sasa hivi wamepiga simu wako Mlandizi. Dereva hakutaka kusimama, mama ndiye aliyemwamuru. Mkanda wa kulia umelegea upana wa vidole viwili, wameukaza. Fundi, wakague tena wapi?

Fundi Spoku: Chalinze. Halafu Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza Kitonga.