MP3 ndogo, redio ya kadi au simu yenyewe: muziki wa kutwa nzima unakaa wapi?

CherehaniNakuru
Wadau, nashona hapa Nakuru, si mbali na Wakulima Market, na muziki kwangu hauzimwi tangu nifungue kibanda hadi jioni. Kwa sasa simu ndiyo inayobeba kila kitu: wateja wanapiga humo, M-Pesa iko humo, picha za mitindo ziko humo, nyimbo pia. Ikifika saa tisa alasiri chaji imeisha, na stima ikipotea nakosa vyote kwa mpigo.

Nataka kitu cha muziki peke yake. Nimeona MP3 ndogo za kubana kwenye nguo, na nimeona zile redio ndogo za kuchomeka kadi ya memori. Jirani yangu anasema ninunue tu betri ya nje ya kuchajia simu, basi. Bajeti ni Ksh 3,000, naweza kuongeza kidogo pakiwa na sababu. Nasikiliza benga, rumba na mahubiri yaliyorekodiwa. Nielezeni mnavyoishi navyo, si yaliyoandikwa kwenye boksi.

FundiKondele (Kisumu)
Dada, mimi hutengeneza simu na redio, kwa hivyo naanza na betri, maana ndiyo inayotangulia kufa. Redio nyingi za kadi zinazouzwa huku hutumia BL-5C, ile ile ya Nokia za zamani, volti 3.7 na takriban mAh 1,000. Ikichoka unafungua kifuniko kwa ukucha unaweka nyingine, na si kazi kuipata kwenye vibanda vya simu, uwe Kisumu au Busia. Nunua mbili, moja iwe inachajiwa wakati nyingine inapiga.

MP3 ndogo betri yake imefungiwa ndani na nyaya zake zimelehemiwa. Ikivimba au ikiisha nguvu, mpaka nifungue, nitafute nyingine inayotoshea kwa unene, nilehemu upya. Inawezekana, ila mafundi wengi wataikataa kazi hiyo kwa sababu malipo yake yanakaribia bei ya kifaa.

Sasa ubaya wa redio. Nyingi hazionyeshi jina la wimbo, namba tu. Tena zile za bei ya chini hucheza kwa mpangilio ambao faili ziliingia kwenye kadi, si kwa alfabeti. Mtu wa duka la muvi akikujazia ovyo, benga itaingiliana na mahubiri kila dakika. Mwambie anakili folda moja mpaka iishe ndipo aanze nyingine.

Na kabla hujalipa, jaribu hivi: zima katikati ya wimbo, washa tena. Kuna zinazokumbuka ulipofika na kuna zinazorudi wimbo wa kwanza. Kwa mahubiri ya saa nzima hilo lina uzito kuliko ukubwa wa spika.

AbiriaWaKericho
Naitetea MP3 ndogo. Huwa nasafiri kati ya Nakuru na Kisumu nikipitia Kericho, na ndani ya matatu redio ya kadi haifai, unapigia gari zima nyimbo ambazo hawakuziomba. Ninayo SanDisk Clip Jam. Imebanwa kwenye kola, naibonyeza bila kuitazama, ina redio ya FM, na kampuni inaahidi hadi saa 18 kwa chaji moja. Asiyechoka kusikiliza atajua tofauti: simu unaichaji kila usiku kwa lazima, hii unaisahau.

Inapokea kadi ya hadi 32GB. Angalizo hapo: kadi za 64GB kwenda juu huja zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, na vifaa vidogo vingi husoma FAT32 peke yake. Watu huibeba kadi nzuri kwa fundi wakisema imeharibika, kumbe ni mpangilio tu.

Kuhusu betri nakubaliana na fundi kabisa. Usiiache kwenye dashibodi juani, na usiiweke miezi ikiwa tupu. Hakuna la ziada.

SautiYaTatu (Kakamega)
Niongeze jambo kwa watu wa kwaya. Tunatumiana sauti zetu kwa WhatsApp ili kila mtu ajifunze nyumbani. Ukirekodi kwa kile kitufe cha maikrofoni, faili inayotoka ni ya opus, na redio za kadi haziisomi, inarukwa kama haipo. Ibadilishe kwanza iwe MP3. Programu ya VLC kwenye kompyuta inafanya hivyo bure. Tangu tuanze kumpa katibu kazi hiyo, hata akina mama wasio na simu janja wanajifunza wimbo mpya kabla ya mazoezi, kadi inapita nyumba hadi nyumba.

LindoBungoma
Mbona mulika mwizi, simu ndogo ya vitufe, imesahauliwa? Nokia 110 inacheza MP3, inapokea kadi ya hadi 32GB, ina tochi, na inakaa na chaji kwa muda ambao simu janja haiwezi. Mimi nalinda usiku, hiyo inanitosha.

MpendaGita (Kisumu)
Tumeongea betri, sasa tuongee muziki wenyewe, kwa sababu benga haistahili kusikilizwa vibaya. Gita la solo likipanda juu mwishoni mwa wimbo, na besi ikikimbia chini yake, ndipo faili mbovu inapojitoa: sauti za juu zinakuwa na ukungu, matoazi yanageuka kelele ya maji.

MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika. Ya 320 hula MB 2.4. Kwenye kadi ya 32GB, nyimbo za dakika nne zitaingia kama 8,000 kwa ile ya kwanza na zaidi ya 3,000 kwa ile ya pili. Hata 3,000 ni kama saa 200 za kusikiliza, kwa hivyo sioni sababu ya kubana. Lakini tafadhali, wimbo uliokuwa 128 ukiubadilisha kuwa 320 unanenepa tu, kilichopotea hakirudi. Hivyo ndivyo zilivyo nyingi zilizotolewa kwenye video za mtandaoni.

Nyimbo ulizohifadhi ndani ya Spotify hazihamishiki kwenda kwenye MP3, zimefungwa humo humo. Mdundo, huduma ya muziki ambayo ilianzia hapa Kenya, inakuruhusu kushusha MP3 yenyewe, na nafurahi kuona wasanii wetu wakipata chao.

Kuna mtu atakuuzia iPod iliyotumika. Ni chombo kitamu, nakiri kwa moyo wote, ila Apple iliacha kuzitengeneza 2022, na nyimbo huingia kwa programu yake kwenye kompyuta. Mtu wa muvi hawezi kukunakilia tu kama kwenye flashi. Kwa mshonaji anayetaka kujaza nyimbo Jumamosi na kuendelea na kazi, singeishauri.

Spika za masikioni za waya zilizo nzuri zitakubadilishia sauti kuliko kubadilisha kifaa. Weka Ksh 1,000 ya bajeti hapo.

CherehaniNakuru
Asanteni sana, hasa fundi. Jambo moja: nikivaa spika masikioni sisikii mteja akibisha hodi, na cherehani nayo ina kelele kwa hivyo huwa naongeza sauti mpaka mwisho. Mnafanyaje?

SautiYaTatu
Mwisho hapana, dadangu. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Zikifika 90, ni saa nne tu kwa wiki nzima. Wewe ukishona kutwa, kiwango hicho unakimaliza siku moja. Kwa kazi ya mezani na wateja wanaoingia, redio yenye spika ya nje ni salama zaidi, iwekwe karibu nawe, sauti ya wastani.

AbiriaWaKericho
Nakubali, ingawa nilikuja kutetea MP3. Yangu ni ya barabarani. Kibandani, redio.

CherehaniNakuru
Basi nachukua redio ya kadi na BL-5C ya akiba. Nitajaza folda mbili, benga na rumba kwanza, mahubiri mwisho. Mama yangu Vihiga nitamnunulia kama hiyo, FM yake itamletea pia vituo anavyovipenda. Fundi, kadi nachukua ya aina gani?

FundiKondele
16GB inakutosha, na usilipie zaidi kwa sababu ya kasi. Hata MP3 ya 320 inahitaji KB 40 tu kwa sekunde. Jihadhari na za bandia. Zinaandikwa 64GB juu, ndani ni 8GB, na zinakubali kunakili mpaka mwisho bila kulalamika, kumbe nyimbo za nyuma zimeandikwa hewani. Ukiwa kwa mtu wa muvi mwombe aipime kwa H2testw, programu ya kukagua ukubwa halisi wa kadi, kabla ya kuijaza. Ikiwa hana, ajaze yote, uichomoe, uichomeke kwenye redio yako pale pale, na ucheze za mwisho mwisho. Zikilia zote, lipa.